KINGEREZA CHA KILA SIKU: TUSHIKE NINI KWANZA?



Kuko ulizo moja ambalo linarudi kila mwaka mu madarasa yetu: "Kingereza kitatusaidia nini siye batoto ba Kolwezi? Kifaransa tunasoma, kiswahili tunasema, haitoshi?" Leo tunataka kulijibu, lakini si kwa maneno makubwa. Tutaonyesha maneno ya kingereza ambayo mwanafunzi wa hapa anayo tayari kinywani, wapi kiswahili chake kinamsaidia, wapi kifaransa chake kinamtega, na tena maneno gani mafupi asiyafanyie muchezo, maana ku kazi yanaweza kumuumiza muntu.

Tutazame kwanza mahali tunakaa. Upande wa kusini wa Jimbo letu la Lualaba ni Zambia, inchi ambayo kingereza ni lugha ya serikali. Tangu mwezi wa saba 2022 inchi yetu ni mshiriki kamili wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na lugha ya kazi ya Jumuiya hiyo ni kingereza. Mu mtihani wa Serikali, ile tunaita Exetat, kingereza kinaulizwa. Na tena tazameni majina ya kampuni. Wazee wetu walitumika ku Union Minière du Haut-Katanga, halafu ku Gécamines tangu 1967. Hayo ni majina ya kifaransa. Leo ukipita mbele ya malango unasoma Kamoto Copper Company, unasoma Tenke Fungurume Mining. Mu Kamoa-Kakula, iliyoanza kutoa shaba mu 2021, mmoja kati ya wenyewe ni kampuni ya Kanada. Mchina, Muzambia, muntu wa Afrika ya Kusini na Mukongo wakikutana mbele ya mashini moja, mara nyingi ni kingereza kidogo njo kinawasaidia kusikilizana.

Lakini musifikiri kingereza ni mgeni wa jana huku kwetu. Mu Katanga kilitangulia kifaransa. Mu 1886 Mskoti mmoja, Frederick Stanley Arnot, alifika Bunkeya kwa mfalme Msiri kuhubiri, na wenzake wa lugha ya kingereza wakamfuata. Hata kapiteni Stairs, ambaye watu wake walimuua Msiri mu mwezi wa kumi na mbili 1891, alikuwa mzaliwa wa Kanada aliyetumwa na mfalme wa Wabelgiji. Halafu njia ya reli ilifika Élisabethville mu 1910, na haikutoka Kinshasa, ilitoka kusini, ikipita ku maporomoko ya Victoria na Rhodesia. Kwa njia ile njo zilifika mashini, makaa ya mawe na wafanyakazi. Watu wengi wa mwanzo walitoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland, ni kusema Zambia na Malawi za leo. Ku kazi walisikia kingereza na Fanagalo, ile lugha ya migodi iliyochanganya Kizulu, kingereza na kiafrikana, ambayo Wazambia waliiita Chikabanga. Nyuma Wabelgiji waliona vibaya kuwategemea Waingereza. Wakaandika watu wa Kasai na wa Ruanda-Urundi, na mu kazi wakaimarisha kiswahili na kifaransa. Ndiyo sababu leo mu Katanga ya zamani muntu akisema "kizungu" anataka kusema kifaransa, na ndugu wa Nairobi akisema "kizungu" anataka kusema kingereza. Wote wawili wana haki.

Kingereza kile cha kwanza hakikutoka chote. Bulangeti unajifunika usiku ni "blanket". Neno "boyi", ambalo wazee wetu waliofanya kazi mu nyumba za Wazungu walichukua kama jina la kazi yao, ni "boy", ni kusema kijana mwanaume, na haifai tena kumuita mtu mzima hivyo. Watumishi hao wa zamani ndio walioandikisha mu 1965 historia ya Élisabethville kwa kiswahili cha hapa. Aliyeiandika ni André Yav, na watu wa vyuo vikuu vya mbali wanaisoma mpaka leo. Halafu mpira: "football", "match", "corner", "penalty", yote ni kingereza kilichopita mu kifaransa. Ila hapa mufanye angalisho, maana Wafaransa wakikopa neno hawalirudishi vile walilipata. "Parking" kwa Mwingereza si mahali, ni kitendo cha kuegesha motokari. Mahali anapaita "car park". Na ukimwambia kwamba mjomba alienda ku ndoa na "smoking", atafikiri mjomba alikuwa anavuta tumbako mbele ya pasta. Lile vazi Mwingereza analiita "dinner jacket".

Sasa tuje ku ulizo lenyewe. Wanafunzi wengi wananunua kaye, wanaandika upande wa kushoto neno la kingereza, upande wa kuume neno la kifaransa, maneno 30 kwa siku, na wanayakariri kama kasuku. Kisha mwezi, muulize mmoja wao: "Omba maji kwa kingereza." Anajua "water", anajua hata "waterfall", lakini hajui kuomba. Shida si kichwa chake. Alikusanya matofali, hakujenga ukuta.

Tena, maneno ya lazima si mengi kama watu wanavyoogopa. Mu 1930 Mwingereza mmoja, C. K. Ogden, alitoa orodha ya maneno 850 tu, akasema kwa hayo muntu anaweza kueleza karibu mambo yote ya kila siku. Kati yake vitendo vilikuwa 18 tu, kama vile "come", "go", "get", "give", "put", "take", "keep", "make". Redio Voice of America nayo, kuanzia 1959, ilitangaza kwa kingereza chepesi chenye maneno 1,500 hivi, kilichosomwa polepole, na watu wa inchi nyingi walijifunza kwa kukisikiliza. Kwa hiyo mwenye maneno 850 aliyoyazoea vizuri anampita mwenye 3,000 yaliyolala mu kaye.

Namna gani vitendo 18 vitoshe? Hapa kiswahili chetu kinatusaidia kuelewa. Siye tukitaka kugeuza maana ya kitendo tunakigeuza mkia: kufunga na kufungua, kuvaa na kuvua, kupanga na kupangua. Mwingereza hana mkia wa kugeuza. Yeye anaacha kitendo vile kilivyo na kutia neno dogo nyuma yake. Kuvaa ni "put on", kuvua ni "take off". "Put on your helmet" maana yake vaa kaski yako. Kuwasha mashini ni "switch on", kuizima ni "switch off". Kuzima moto ni "put out". Kupanda basi ni "get on", kushuka ni "get off". Lakini kwa motokari ndogo ni "get in" na "get out". Neno lile dogo njo lenye kubeba maana yote. Mwanafunzi akisikia "switch" tu na kuacha "on" ao "off", hakusikia kitu. Afazali angekuwa hakusikia hata kidogo, angeuliza. Kwa hiyo mu kaye yenu musiandike "put" peke yake. Andikeni "put on", "put out", "put down", kila moja na mfano wake mzima.

Kitu cha pili kiswahili chetu kinatusaidia, na hapa siye ba Katanga tunawashinda hata ndugu wa pwani. Wale wanasema "naenda" ao "ninaenda". Siye mu kusema kwetu tunaongeza kitu: "Niko naenda ku masomo." Ni "I am going to school" kabisa, kipande kwa kipande! "Niko" ni "I am", "naenda" ni "going". "Iko nalala" ni "he is sleeping". Kifaransa, na "je vais" yake, hakitoi picha hii. Mwalimu wa kiswahili atatuambia kwamba "niko naenda" si kiswahili cha kitabu, na mu kiswahili cha kuandika anasema kweli. Lakini kwa kushika kingereza, ni mlango wazi.

Ila mlango huo ukizoea kuupita ovyo unajigonga kichwa. Tunasema "niko na njala", "niko na miaka 15", na Mfaransa naye anasema "j'ai faim", "j'ai 15 ans". Lugha mbili zinakubaliana, basi mwanafunzi anaandika bila mashaka: "I have hunger, I have 15 years." Mwingereza hana njala, yeye mwenyewe ni mwenye njala: "I am hungry." Hana miaka, yeye ni wa miaka: "I am 15 years old." Vilevile "I am thirsty" kwa kiu, "I am cold" kwa baridi, "I am right" kwa kuwa na haki. Hii ndiyo kosa tunalolikuta mara nyingi zaidi mu karatasi za darasa lote, na dawa yake ni kukariri zile sentensi nzimanzima bila kutafuta sababu.

Na mpango wa maneno? Rudini ku mlango wa kampuni. Kamoto Copper Company: siye tunasema "kampuni ya shaba ya Kamoto", Mfaransa naye anaanza na "compagnie". Mwingereza anaanza na mwisho. Ukitaka kuelewa jina refu la kingereza, lisome kutoka nyuma. "Safety boots" ni viatu vya usalama, si usalama wa viatu. "Acid tank" ni tangi la asidi. "Tank acid" ingekuwa asidi ya tangi. "Water pump repair team" ni kikosi cha kutengeneza pompi ya maji. Kila mara anza nyuma, nenda mbele.

Sasa tuseme juu ya mitego ya kifaransa, na hapa tutakawia kidogo, maana kwetu njo jambo kubwa. Kifaransa na kingereza vinafanana sana mu maandiko. Karibu kila mwanafunzi anasoma "danger", "poison", "accident", na anafurahi kwamba amejua bila kufundishwa. Ni vizuri. Lakini kati ya maneno hayo kuko manabii wa uongo.

Tuanze na lile la hatari. Mu kifaransa "blessé" ni mtu aliyeumia. Mu kingereza "blessed" ni mtu aliyebarikiwa. Ajali imetokea, na kijana anapiga simu kwa shefu wa kingereza: "Three men are blessed!" Shefu atajibu nini? Amina? Mtu aliyeumia ni "injured" ao "hurt". "Three men are injured. Send an ambulance." Muandike hiyo mahali pa kwanza.

La pili ni "demander". Kwa Mfaransa ni kuuliza ao kuomba tu, bila ubaya. Kwa Mwingereza "I demand" ni kulazimisha, kama mtu anayepiga meza na ngumi. Mwanafunzi aliyeandika barua kwa kampuni kuomba kazi ya mapumziko na kuweka "I demand you a job" hakuomba, aliamrisha. Tunasema "I would like to ask for", ao "I am applying for" kama ni kazi.

Halafu kuko maneno ya biashara ya madini, ambayo kila nyumba ya Kolwezi inaijua kwa njia moja ao ingine. Mu ma depo ya kununua madini, mnunuzi anapima "teneur", ni kusema kiasi cha shaba ao cha kobalti ndani ya jiwe. Kwa kingereza hiyo inaitwa "grade". Lakini mu kifaransa "grade" ni cheo cha mtumishi ao cha askari! Mchimbaji anayeambiwa "low grade" asifikiri wamemdharau yeye. Wamesema jiwe lake ni maskini. Vilevile "balance": kwa kifaransa ni mizani, kwa kingereza mizani ni "scale", na "balance" ni makuta yaliyobaki kulipwa. Akiambiwa "We will pay the balance tomorrow", hawataki kulipa mizani. Wanasema bado wana deni lake na watalimaliza kesho. Aangalie basi wamempa kiasi gani leo.

Hesabu nazo zinatega. Mfaransa anatenga vipande na virgule: 2,5 ni mbili na nusu. Mwingereza anatenga na nukta: 2.5. Na maelfu anayatenga na virgule: 2,500 ni elfu mbili na mia tano. Kwa hiyo mtu akiona 1.250 ku karatasi ya kingereza, ile si elfu moja na mia mbili hamsini, ni moja na robo. Ongeza kwamba "milliard" ya kifaransa ni "billion" ya kingereza. Na mu masikio, "fifteen" na "fifty" vinakaribiana sana. Mwingereza anakaza mwisho wa "fifteen" na mwanzo wa "fifty". Kama hukusikia vizuri, sema tarakimu moja moja: "one-five", "five-zero". Watu wa redio za kazi wanafanya hivyo, na si kwa ujinga.

Mingine tutaje haraka tu: "library" ni mahali pa kuazima vitabu, si duka la vitabu. "Actually" ni "kwa kweli", si "sasa hivi". "Pain" ni maumivu. Ukienda ku hospitali Ndola na kusema "pain" hawatakuletea mukate. "Coin" ni pesa ya chuma, haina pembe.

Tumefika ku jambo ambalo, kati ya yote, tungependa kila mwanafunzi alishike hata kama ataacha mengine. Ni "yes" na "no". Kila mtu anasema anayajua. Sikilizeni.

Mu kiswahili mtu akikuuliza, "Haukufunga vane?" na kweli haukuifunga, unajibu: "Ndiyo, sikufunga." Ule "ndiyo" unakubali maneno ya muulizaji: vile unasema, njo vile. Mwingereza haendi hivyo. Yeye hatazami maneno ya muulizaji, anatazama kitendo chenyewe. Kitendo kilifanyika, ni "yes". Hakikufanyika, ni "no", hata kama ulizo lilikuwa na "not" ndani. "Didn't you close the valve?" Ukijibu "Yes", Mwingereza anasikia: niliifunga. Anageuka, anawasha pompi, na vane iko wazi. Mfaransa ana neno lake "si" la kumuokoa mtu mu ulizo la namna hii, kingereza hakina. Basi tufanye namna gani? Musijibu kamwe kwa "yes" peke yake ao "no" peke yake. Ongezeni kitendo: "No, I did not close it." "Yes, I closed it." Mwenye kujibu hivyo hawezi kueleweka vibaya, hata kama "yes" yake ilikosea, maana kitendo kinaisahihisha. Wanafunzi wa darasa la juu wanaweza kuwajaribu wadogo mu ukumbi: "Aren't you hungry?" "Don't you live in Dilala?" Mutaona vile vichwa vinazunguka.

Pamoja na hiyo kuko ile "yes" ya heshima. Siye tumelelewa kutomwambia mkubwa "sikusikia". Mkubwa akisema, tunaitika: "Ndiyo, papa." Ni adabu nzuri mu lupango. Mbele ya mashini ni hatari. Kwa hiyo sentensi za kwanza kabisa za kukariri, mbele hata ya "My name is", ni hizi: "I did not understand." "Please say it again." "Please speak slowly." "What does this word mean?" "Show me, please." Hakuna mwenye akili atakayekasirika akisikia hivyo, na mwenye kukasirika afazali akasirike.

Tumetaja "please". Tuseme kidogo juu ya adabu. Siye tunapunguza ukali wa amri kwa kale ka "-ko": tunasema "unipeko mayi", "unisaidieko", na mtu anajua tunaomba. Kingereza hakina "-ko". Ukisema "Give me water" umetoa amri. Tia "please", ao afazali sema "Could I have some water, please?" Ile "could" njo "-ko" yao. Kwa "pole" hawana neno lililo sawa. Wazambia, kama siye, wanasema "sorry" mtu akijikwaa; Mwamerika atakushangaa na kukujibu kwamba si wewe uliyemwangusha. Salamu ni nyepesi: "Good morning" asubuhi, "Good afternoon" mchana, "Good evening" ukimkuta mtu jioni. "Good night" ni ya kuagana tu. Ukiingia mu nyumba ya watu na "Good night" watafikiri umekuja kulala.

Sasa maandiko ya barabarani. Kwetu makamyo yanapita usiku na mchana kuelekea Kasumbalesa, mengine yakitoka Afrika ya Kusini, mengine Tanzania, na maandiko yake mengi ni ya kingereza. "Keep out" ao "No entry": usiingie. "Keep left": fuata upande wa kushoto. Hili si neno tupu, maana Zambia wanaendesha kushoto na siye kuume, na dereva akivuka mpaka lazima ageuze kichwa. "Long vehicle": gari ndefu, usijaribu kuipita ovyo. "Out of order": imeharibika. "Blasting": wanapasua mawe na baruti, rudi nyuma. "Caution" na "Warning" njo "Attention" ya Wafaransa. Na hili: "inflammable" na "flammable" maana yake ni moja tu, kitu kinachoshika moto upesi. Ile "in-" mbele haikatai kitu. Wengi wanaosoma kingereza walidanganyika hapo.

Neno "corrosive" tulitenge. Viwanda vyetu vinatoa shaba na kobalti mu mawe kwa kutumia asidi ya sulfuriki, na asidi hiyo inakuja mu matangi ku barabara hizi hizi za siye wote. Mu mwezi wa pili 2019 kamyo moja ya asidi ilipata ajali na motokari zingine mu njia ya kati ya Kolwezi na Lubumbashi, na watu zaidi ya 15 walikufa. Ku tangi la namna hiyo kuko alama ya pembe nne: matone yanaangukia mkono na chuma, na vyote viwili vinakulika. Chini yake kuko tarakimu 8, na namba 1830 ni ya asidi ya sulfuriki yenyewe. Ukiona "corrosive" ku tangi lililopinduka, usikimbilie kuchota na bidoni. Lile si mafuta. Usiguse, usiache batoto bakaribie.

Kubaki neno juu ya sauti. Kingereza hakisomwi vile kinaandikwa, na hakuna kanuni itakayowaokoa. Ni masikio tu. Mambo mawili kwetu yanadai kazi. La kwanza ni "l" na "r". Wengi wetu mu lugha za nyumbani hatuzitenganishi, na mu kiswahili watu wanaelewana tu. Mu kingereza "right" ni kuume na "light" ni taa. "Load" ni mzigo na "road" ni barabara. La pili ni "work" na "walk". "I work at the mine" ni kufanya kazi. "I walk at the mine" ni kutembeatembea, na hakuna kampuni inamlipa mtu kwa kutembea, ijapokuwa wengine tunawajua.

Na kucheka. Mu madarasa yetu mwanafunzi akifungua kinywa kwa kingereza, kicheko kinaanza mbele hajamaliza sentensi, halafu mu rekreasio wanamuita "Muamerika" juma nzima. Huyo hatajaribu tena mpaka Exetat. Tunaomba walimu watusaidie mu jambo hili, na tunaomba wenye kucheka wasimame wao wenyewe kwanza mbele ya ubao.

Kuanzia namba inayokuja tutapiga ukurasa mmoja wa maneno yaliyookotwa mu mji: ku makamyo, ku malango, ku magunia, ku mikebe ya dawa. Kila mwenye kuona neno la kingereza ambalo hajui, aliandike ku karatasi kwa herufi zake zote, pamoja na mahali aliliona na alama iliyokuwa karibu yake, na alilete mbele ya siku ya tano. Kusogelea tangi ili kusoma vizuri hatukuomba. Someni kutoka mbali.